Mwalimu, programu ya kwanza itoe leo, ya pili isubiri kidogo

*Msomaji wa Tanga ameuliza: Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari, najiburudisha kwa kuandika programu ndogondogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mbili zinatumika dukani kwa shemeji yangu anayeuza vifaa vya ujenzi. Moja inageuza tarakimu za fedha kuwa maneno kwa ajili ya risiti na hati za malipo. Nyingine inasoma ujumbe wa malipo ya simu na kupanga malipo kwenye jedwali, ajue nani kalipa na nani bado. Rafiki yangu ananisukuma niziweke GitHub, tovuti ya kuweka programu wazi, kama programu huria, yaani yeyote azitumie na kuzibadilisha. Mwingine ananicheka, eti nitawapa matajiri jasho la bure. Niziweke wazi? Kwa leseni gani? Na je, vitu vyenyewe si vidogo mno kuonyesha watu? Nimeambatisha msimbo wote, yaani maandishi ya programu zenyewe.*

Mwalimu, habari za Tanga. Msimbo wako nimeupitia wote. Programu ya tarakimu iweke wazi hata leo usiku ukipata nafasi. Ile ya ujumbe wa simu isitoke kwenye laptopu yako mpaka uwe umeshughulikia folda moja nitakayoitaja mbele. Leseni nitakupa mbili, kila programu na yake. Ila naanza na hilo la udogo, maana naona ndilo linalokuzuia kuliko mengine yote.

Mwaka 1996 kijana wa Kiswidi, Daniel Stenberg, alikuwa na roboti yake ya maongezi kwenye mtandao wa IRC. Alitaka wenzake wakiiuliza, iwabadilishie krona kuwa dola kwa viwango vya siku hiyo. Viwango vilikuwa vinachapishwa kwenye wavuti, kwa hiyo akahitaji kitu cha kuvichota. Hakuanza kuandika kutoka sifuri. Alikuta programu inayoitwa httpget, ya Mbrazili Rafael Sagula, mistari mia kadhaa tu, akaitumia, akaanza kuirekebisha, na marekebisho akamrudishia mwenyewe. Haikupita muda akaachiwa aitunze yeye. Mwaka 1998 ikapewa jina la curl, na leo imo ndani ya simu, televisheni, magari na seva kote duniani. Chanzo chake ni hesabu ya fedha, kama ya kwako.

Sisemi ya kwako itafika huko. Ninachotaka ukione ni Sagula. Angeona mistari yake mia kadhaa ni aibu kuionyesha, Stenberg angekosa pa kuanzia.

Halafu udogo wenyewe hupimwa kwa mizani gani? Machi 2016 mtayarishaji mmoja aliyekasirishwa na mgogoro wa jina aliondoa programu zake zote kwenye npm, ghala kuu la programu za lugha ya JavaScript. Mojawapo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, basi. Ilipotoweka, miradi mikubwa ilishindwa kujengwa, na npm ikabidi wairudishe wenyewe. Mimi binafsi naona ni upuuzi mradi wa kampuni kubwa kutegemea mistari 11 ya mtu mwingine badala ya kuiandika wenyewe. Lakini upuuzi huo ni wa kampuni. Aliyeandika ile mistari hakukosea kuiweka wazi.

Ya kwako, kwa taarifa yako, ni ngumu kuliko left-pad. Sijui kama umeshaona kwamba programu yako ikipewa 15,000 inaandika "shilingi elfu kumi na tano tu", na ikipewa 10,005 inaandika maneno yaleyale, neno kwa neno. Nimeiendesha mara mbili kuhakikisha. Kwenye risiti ya mfuko wa saruji hilo halina madhara, kwa kuwa tarakimu ziko pembeni. Kwenye hati ya malipo, ambako maneno ndiyo yanayotegemewa tarakimu zikichezewa, ni tatizo. Na si kosa lako peke yako, ndivyo tunavyosema sote. Mnunuzi na muuzaji wanaelewana kwa sababu hakuna anayedaiwa elfu kumi na shilingi tano. Kompyuta haina busara hiyo.

Kwenye laki hali ni mbaya zaidi. 120,000 umeiandika "elfu mia moja na ishirini", na 100,020 nayo imetoka hivyohivyo. Ukihamia kwenye "laki" hujapona, kwa sababu mtaani "laki na ishirini" ni 120,000, wakati mtu anayesoma neno kwa neno atasema ni 100,020.

Mimi ningefanya hivi. Maelfu yakiwa na "na" ndani yake, namba itangulie: 15,000 iwe "kumi na tano elfu". Wapo wanaoandika hivyo tayari. Halafu mabaki yakiwa madogo kiasi cha kuleta utata, taja shilingi upya: 10,005 iwe "shilingi elfu kumi na shilingi tano", 100,020 iwe "shilingi laki moja na shilingi ishirini", na 120,000 iwe "shilingi laki moja na elfu ishirini". Haisikiki tamu sana, lakini hakuna atakayekosea. Kwa kuwa laki ni ya mazoea zaidi kwa wengine kuliko kwa wengine, weka chaguo la kuizima. Msomaji wa Nairobi huenda akapenda maelfu mpaka mwisho.

Kisha andika jaribio moja tu, na wewe kama mtu wa hisabati utalifurahia. Zungusha kuanzia 1 hadi 1,000,000, geuza kila namba kuwa maneno, na hifadhi maneno hayo kwenye kamusi ya Python pamoja na namba yake. Ukikuta maneno ambayo tayari yamo, simamisha na uchapishe namba zote mbili zilizogongana. Kwenye laptopu ya kawaida ni kazi ya sekunde chache. Jaribio hilo lina thamani kuliko mistari mingine yote uliyoandika, maana ndilo litakalomfanya mtu asiyekujua aiamini programu yako.

Kabla hujafungua ghala lako mwenyewe la msimbo, pita kwenye num2words. Hiyo ni maktaba ya Python, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine, inayofanya kazi hiihii kwa lugha nyingi, na watu wengi wanaitumia. Tazama orodha yake ya lugha. Usipokiona Kiswahili, wapelekee cha kwako. Ukikiona, kipe 10,005 na 100,020 ushuhudie. Kikitoa majibu yenye utata, mchango wako umeshapatikana, na utakuwa umefanya alichofanya Stenberg. Nalisema hili kwa sababu sisi tunaojifurahisha na msimbo tuna ugonjwa wa kila mtu kuanzisha chake. Maktaba kumi za namba za Kiswahili, kila moja na mtu wake mmoja aliyechoka, hazimsaidii mtu kama moja iliyo mahali ambapo watu tayari wanapita. Mchango wako huko utakuwa chini ya leseni yao, LGPL, na hiyo haina shida kwa kazi kama hii.

Ukiamua kubaki na ghala lako, chagua leseni ya MIT. Ni fupi, inasomeka yote kwa dakika moja, na inasema: tumia, badilisha, uza, ila acha jina langu na tangazo hili, na mambo yakiharibika usinidai. Sababu ya kuichagua hapa ni kwamba kitu hiki kina faida kikitapakaa. Unataka mwenye mfumo wa risiti wa Mwanza, na wa hospitali ya Mombasa, na hata kampuni inayouza programu zake kwa fedha nyingi, wote waandike 10,005 sawasawa. Leseni kali ingewafukuza, nao wangeandika ya kwao yenye kosa lilelile.

Usiiache bila leseni. Wengi wanadhani ukishaweka msimbo hadharani bila kusema lolote, ni mali ya umma. Ni kinyume chake. Haki ya mtunzi inaanza pale tu unapoandika, bila kusajili popote, na programu za kompyuta zinalindwa kama maandishi mengine. Asiyepewa ruhusa hana ruhusa. Anayejua sheria hatagusa msimbo wako, na asiyejua atauchukua bila hata kukutaja, kwa hiyo umepoteza pande zote mbili. Umesema unaandika usiku kwa kujiburudisha, sina wasiwasi na mwajiri wako, ila usome mkataba wa kazi kama una kifungu kuhusu kazi za ubunifu.

Sasa ile ya pili. Mwalimu, folda yako ya majaribio ina ujumbe halisi wa wateja wa shemeji yako. Nimeona majina matatu kamili, namba za simu, kiasi walicholipa, na kwenye baadhi ya ujumbe salio la shemeji lenyewe. Najua ilivyotokea: ulihitaji mifano, simu ilikuwa mezani, ukanakili. Ukiyaweka hayo wazi umetangaza biashara ya ndugu yako na mifuko ya watu ambao hawakukuruhusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019. Lakini hata zisingekuwepo, mtu aliyelipia nondo kwa simu hakutarajia namba yake ikae GitHub.

Na kufuta faili hakutoshi. Hapa ndipo wengi wananaswa. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inahifadhi kila hali ambayo ghala limepitia. Faili ulilofuta leo bado lipo kwenye historia ya jana, na mtu yeyote anaweza kulirudisha kwa amri moja. Zipo zana za kusafisha historia, lakini kwa mradi wa mtu mmoja usiumize kichwa. Fungua folda mpya, nakili humo faili za msimbo peke yake, tunga ujumbe wa mfano wenye majina ya kubuni na namba zisizoweza kupigwa, kisha anza git upya kabisa. Historia yako ya miezi iliyopita ibaki nyumbani. Hakuna atakayeililia.

Wakati uko hapo, tafuta pia funguo na maneno ya siri. Kwenye faili lako la mipangilio nimeona neno la siri la barua pepe inayotuma jedwali kila jioni. Lihamishie nje ya msimbo, na ulibadilishe leo, hata kabla ya kuweka chochote wazi, kwa sababu umeshanitumia mimi. Kuna roboti zinazopekua GitHub mchana na usiku zikitafuta vitu kama hivyo, na huwa hazichelewi.

Kwa programu hii leseni yangu ni GPL, toleo la 3. Tofauti ni hii: ile ya tarakimu ni kipande cha kuingizwa ndani ya kazi za wengine, lakini hii ni kazi kamili. Mtu anaweza kuichukua ilivyo, akabadilisha rangi na jina, akaifunga na kuwauzia wenye maduka wa Barabara ya 12 bila kuwapa msimbo wake. GPL haimkatazi kuuza, tuelewane hapo. Inamtaka anayeisambaza, ikiwa na mabadiliko au bila, awape wanaoipokea msimbo wake kwa masharti yaleyale. Mwenye duka akichoka naye, anaweza kumpelekea fundi mwingine msimbo huo. Ikiwa una wasiwasi mtu ataiweka kwenye seva yake na kuwatoza watu kila mwezi bila kuwakabidhi programu yenyewe, basi ipo AGPL, inayoziba mwanya huo.

Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, alipita njia hiyo. Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alitangaza mfumo wake na kusema ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu kuusambaza kwa fedha. Mwaka 1992 aliiacha akahamia GPL, na kampuni zilizokuja kupata fedha kupitia Linux zikawa zinalazimika kuachia mabadiliko waliyoyasambaza. Rafiki yako anayekucheka angefaa asome kisa hicho.

Lakini nisimdharau, ana hoja. Mwaka 2014 ilipogundulika hitilafu kubwa ya Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya wavuti pamoja na benki, watu walishangaa kusikia kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Matajiri walikuwa wanakula, na mpishi analala njaa. Kwa hiyo ndiyo, jasho la bure lipo. Swali langu kwako ni dogo: ungeiuza ile ya tarakimu? Kwa nani, kwa bei gani? Kama jibu ni kwamba ingekaa kwenye laptopu mpaka diski ife, hakuna jasho lililoibiwa. Ile ya malipo ya simu ni tofauti kidogo, maana pale pana biashara, ila biashara yenyewe si msimbo. Jirani wa shemeji yako hawezi kuufunga mwenyewe hata akiupata bure. Atamlipa mtu aje dukani, auweke, amfundishe mhudumu, na arudi siku kampuni ya simu itakapobadilisha maneno ya ujumbe wake. Mtu huyo unaweza kuwa wewe, na GPL haikuzuii kutoza.

Hilo la kubadilika kwa ujumbe ndilo litakalokuchosha, kwa hiyo sikiliza sehemu hii vizuri. Programu yako inatafuta neno "umepokea" na kuchukua kinachofuata. Siku wakisogeza kiasi mbele ya jina, inakufa. Ikiwa wazi na ina watumiaji ishirini, ishirini hao watakuandikia wewe, na baadhi yao watakuandikia kana kwamba wanakulipa mshahara. Hapa ndipo programu huria zinapowavunja watu, na leseni haisaidii kitu.

Unajua kilichotokea kwa xz? Ni programu ya kubana faili iliyomo kwenye karibu kila Linux, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2022 akaanza kusongwa na watu kwamba anachelewesha mambo, amkabidhi mtu mwingine. Mtu mmoja aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshaanza kumsaidia kwa upole, akaaminiwa, akapewa ruhusa. Mapema 2024 matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini muda wa kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, umeongezeka kama nusu sekunde. Angekuwa mtu asiyejali nusu sekunde, sijui tungekuwa wapi.

Hakuna atakayekutega hivyo kwa sababu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ninachokiangalia hapo ni ule msongo: mtu wa kujitolea alifanywa aone anadaiwa. Wewe hudaiwi. Kuweka msimbo wazi ni kitu kimoja, kuahidi huduma ni kingine, na unaweza kufanya la kwanza bila la pili. SQLite, hifadhidata ya Richard Hipp iliyomo kwenye kila simu ya Android, imeachiwa iwe mali ya umma kabisa, lakini michango ya msimbo kutoka kwa watu wa nje kwa kawaida hawaipokei. Hakuna anayesema si programu huria.

Kwa hiyo andika mapema kwenye faili la README, lile la maelezo ya programu, juu kabisa, kabla hata ya maelekezo ya kufunga. Mimi ningeandika hivi: "Hii ni kazi ya burudani ya mtu mmoja. Napitia maswali Jumamosi. Ripoti ya hitilafu iambatane na mfano wa ujumbe usio na majina wala namba halisi. Sitaongeza mitandao mingine ya simu mwenyewe, lakini anayeiongeza pamoja na majaribio yake nitampokea." Sentensi nne, zimekuokoa jioni nyingi. Ile ya mfano usio na majina usiisahau, la sivyo watumiaji watakuletea wao zile taarifa za watu ulizohangaika kuzitoa.

README iandike kwa Kiswahili kwanza, aya moja ya Kiingereza chini yake kwa wapita njia. Watu watakaoweza kukuambia kwamba 100,020 yako haijakaa sawa ni wasomaji wa Kiswahili, hao ndio uwafungulie mlango. Na kabla hujaziweka hadharani, mwambie shemeji. Dukani kwake ibaki nakala unayoijua, isijivute yenyewe kila unapobadilisha kitu usiku. Mabadiliko yaende kwake siku upo Tanga mjini na una muda wa kukaa kaunta saa nzima ukiangalia risiti zinavyotoka.